Karatasi Mbili, Damu Moja

Mpishi wa hoteli moja ya Diani alikuwa hawezi kupanda ngazi bila kushika ukuta, na karatasi iliyotoka kwenye kompyuta niliyoifunga kwa mikono yangu ilisema damu yake iko tele. Nawaanzia hapo, wanangu, kwa sababu mkija kunitembelea hapa Tiwi na kompyuta zenu za kukunja, jambo la kwanza mnaloniuliza ni lugha gani tuliyoandikia programu zamani zile. Lugha haikuwa tatizo. Kilichotutoa jasho ni vitu viwili vilivyotaka kupita mlango mmoja kwa wakati mmoja, na kila kimoja kikaona ni zamu yake.

Mimi nilikuwa fundi wa vyombo vya elektroniki pale Ukunda, katika miaka ile ya mwisho ya tisini. Nilianza na redio, nikaingia kwenye faksi za mahoteli, kisha kompyuta zikanifuata zenyewe kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuzifungua. Wateja waliokuwa hawanijui wakiingia dukani huniangalia mimi na buibui langu, halafu huuliza, "Fundi yuko wapi?" Nami huwajibu, "Ametoka, lakini niachieni hiyo redio." Wakirudi wakaikuta yaimba, hawaulizi tena.

Mwenzangu kazini alikuwa Mutua, kijana wa Machakos. Alikuja pwani kubeba mizigo ya wageni hotelini, akachoka, akajifundisha programu kwa vitabu vya kuazima. Alikuwa na kichwa chepesi kuliko watu wote niliofanya nao kazi, na Kiswahili chake kilimchekesha mamangu hata akaomba maji.

Basi, maabara moja ya watu binafsi pale Ukunda ilinunua mashine ya kuhesabu chembe za damu. Zahanati za barabara nzima, tangu Kombani hadi kule mpakani, zilikuwa zikipeleka damu za wagonjwa wao pale. Mashine yenyewe ilikuwa nzuri, ila majibu ilikuwa ikiyaonesha kwenye kioo kidogo, na Kadzo, dada aliyekuwa akiiendesha, akiyanakili kwa kalamu mpaka vidole vinakufa ganzi. Wenye maabara wakataka majibu yaende yenyewe kwenye kompyuta, yatoke kwenye printa. Tukatafuta kadi ya kuchomeka ndani ya kompyuta, mimi nikavuta nyaya, Mutua akaandika draiva, ile programu ndogo inayokaa kati ya kompyuta na chombo cha nje ili wasikilizane.

Kadi ile haikuwa na subira. Ikipokea majibu ya mgonjwa kutoka kwenye mashine, haikuomba ruhusa kwa mtu. Ilikwenda moja kwa moja ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, ikayamimina mahali tulipoitengea, kisha ikapiga kengele: tayari, njoo uchukue. Mahali pale sisi tulipaita trei. Kengele ikilia, draiva ya Mutua ilikuja kusoma, kwanza namba ya mgonjwa, halafu hesabu za damu yake. Ikimaliza, karatasi inachapwa. Tulijaribu, ikakubali. Tukalishwa pilau na wenye maabara, na kwa miezi mingi hakuna aliyetuita.

Aliyetuita ni Daktari Swaleh, aliyekuwa akitibu mlango wa pili na maabara. Hakupiga simu. Alikuja mwenyewe dukani na koti lake jeupe.

"Bi. Mwanaisha, hujambo?"

"Sijambo, Daktari. Kwema?"

"Kwema si sana. Hebu njoo mara moja nikuoneshe mtu."

Mtu mwenyewe alikuwa Wafula, yule mpishi. Amekaa kwenye kiti, pumzi zampanda na kumshuka kama aliyekimbia, na hakukimbia popote. Daktari akamvuta kope la chini kwa kidole gumba. Ndani, mahali panapotakiwa kuwa pekundu, palikuwa peupe.

"Karatasi yenu yasema huyu ana damu kunishinda mimi," Daktari akasema. "Nami naona mtu aliyekaribia kuzimia."

Kadzo akampima upya, mara hii akisoma kwenye kioo cha mashine yenyewe. Damu ilikuwa nusu ya ilivyotakiwa kuwa. Wafula alikuwa na kidonda tumboni kilichokuwa kikivuja polepole bila yeye kujua. Alivushwa feri siku ileile, akaongezewa damu Mombasa, na baadaye akarudi jikoni kwake. Nawaambia mapema ili msisome kwa roho juu. Huyo alipona.

Lakini kabla hatujatoka chumbani mle, Daktari Swaleh aliniuliza swali. "Huyu mimi nimemwona kwa macho yangu. Je, wale ambao damu yao ililetwa kwenye chupa tu, ambao sikuwaona?"

Jambo la kwanza tulilofanya halikuwa kutafuta kosa. Nilichomoa waya wa kadi, nikamwambia Kadzo arudi kwenye kalamu. Wenye maabara walinuna, foleni ikafika barabarani, na mimi nikavumilia macho ya watu. Nanyi mkifikwa na kitu kinachodanganya, kinyamazisheni kwanza. Uchunguzi utakuja.

Mutua yeye alikuja juu. "Draiva iko sawa, Mwanaisha. Nimei-test mpaka nikachoka. Ni Kadzo amechanganya chupa."

"Chupa zangu nazijua mimi," Kadzo akasema bila kuinua kichwa. "Kajaribu tena hiyo draiva yako."

Tukakaa na mashine, tukapitisha chupa moja, tukangoja karatasi itoke, tukalinganisha na kioo. Sawasawa. Nyingine, sawasawa. Tulifanya hivyo hata Mutua akaanza kutabasamu. Mimi nikawa na wasiwasi zaidi, maana kosa linalokuja na kwenda ni baya kuliko lililokaa. Lililokaa utalikuta kesho.

Asubuhi iliyofuata nikaomba kiti, nikakaa pembeni ya maabara nimtazame Kadzo akifanya kazi yake ya kawaida, tukiwa tumerudisha waya kwa majaribio tu na karatasi zote zatupwa. Sikumwelekeza chochote. Ndipo nilipoona tofauti. Sisi tulipokuwa tukijaribu, tulingoja printa imalize. Kadzo hangoji. Printa yao ilikuwa ya zamani, ile inayogongagonga mstari kwa mstari na kulia kama msumeno kwenye bati, nayo ilipokuwa ingali yalia kwa mgonjwa mmoja, Kadzo alikwishaweka chupa ya mwingine na ya mwingine tena. Kila mtu mwenye foleni mlangoni angefanya hivyo. Sisi tulikuwa tumeijaribu kazi kama watu wasio na foleni.

"Mutua," nikamwita, "nataka damu yako."

"Damu yangu ya nini?"

Nilitaka chupa mbili ambazo hata kipofu asingezichanganya: damu nzito, na damu ileile iliyozimuliwa na maji ya chumvi ya maabara hata ikawa nyepesi. Nzito, nyepesi, nzito, nyepesi, kwa kupokezana, huku printa yalia. Mutua, ambaye hofu ya sindano ilikuwa imemjaa, alifumba macho akageuzia uso ukutani, na Kadzo akamwambia, "Haya, imetoka kidogo tu, usife." Nadhani alichelewesha kuitoa sindano makusudi, kwa sababu ya maneno ya chupa.

Tukaziendesha. Printa ikanguruma. Kwa muda hakuna kitu, kisha ikatoka karatasi ya chupa nyepesi, na juu yake hesabu za damu nzito. Kwenye kioo cha mashine, nyepesi. Kwenye karatasi, nzito.

Mutua akaishika karatasi ile kwa mikono miwili. "Aki ya nani," akasema. Halafu akakaa chini sakafuni. Alikuwa akimfikiria Wafula, nilimwona.

"Inuka," nikamwambia. "Sasa tumeliona. Jana tulikuwa hatulioni."

Hapa, wanangu, ndipo wengi wenu mnapopoteza wiki. Mutua alifanya ambalo yeyote angefanya: akaongeza kwenye draiva maneno ya kuandika kwenye kioo cha kompyuta kila hatua, nimeanza kusoma, nimemaliza kusoma, ili tuone panapoharibika. Tukaendesha damu yake nzito na nyepesi mpaka ikakaribia kwisha. Kosa limetoweka. Akayaondoa yale maneno, kosa likarudi. Akayarudisha, kosa likajificha.

"Hii kitu ina jini," Mutua akasema.

Haikuwa na jini. Kule kuandika kwenye kioo kulikuwa kukiisimamisha printa kidogo, na katika nafasi ile ndogo draiva ikapata kumaliza kazi yake kwa amani. Tulikuwa tukiwatazama watu wanaogombana, na wao wakituona wanakaa kimya. Nilijifunza mambo kama haya kwenye redio: kuna ubovu ambao ukiugusa kwa kipimo, kipimo chenyewe chautuliza.

Kwa hiyo tukakubaliana tusiseme kitu kwa sauti. Mahali pasipotumika kwenye kumbukumbu, draiva iache herufi moja tu na iendelee na njia yake. K, kadi imeweka majibu na kengele imelia. A, nimeanza kusoma. M, nimemaliza. Herufi moja haichelewi, haimzuii mtu. Tukishamaliza, twende tukazisome kwa utulivu.

Mambo yakienda vizuri, zingesomeka K A M, K A M, K A M mpaka mwisho. Tulisoma pamoja, kidole changu kwenye kioo, Mutua ameinama begani kwangu. K A M. K A M. K A M. Kisha:

K A K M.

  Draiva ilianza kusoma, ikachukua namba ya mgonjwa, printa ikadai wakati wake, draiva ikasimama. Katikati ya kusimama kule, kadi isiyo na subira ikaja na majibu ya mgonjwa mwingine na kuyamimina kwenye trei ileile juu ya ya kwanza. Draiva ikarudi na kuendelea pale ilipoachia, ikasoma hesabu. Namba ya huyu, damu ya yule. Mutua hakukosea mstari hata mmoja. Kila mstari wake ulikuwa sawa ukiusoma peke yake.

"Ni trei," akasema polepole. "Trei ni moja."

Mimi nilikuwa nishavaa viatu kwenda kwa Daktari Swaleh, kwa sababu zile herufi zilikuwa zimetupa jingine, kubwa kuliko kosa lenyewe. Zilitueleza kosa linakwenda upande gani.

"Daktari, wa kwanza hupewa hesabu za wa pili," nikamwambia. "Wa pili yeye hupata zake, maana kengele yake hulia baadaye na husomwa nzima. Basi popote palipoharibika, patakuwa na watu wawili waliofuatana wenye damu moja, mpaka tarakimu ya mwisho."

Akanitazama. "Na watu wawili hawawi hivyo."

"Hawawi."

Majibu yote yalikuwa yamehifadhiwa kwenye kompyuta. Mutua akaandika programu fupi ya kutafuta pacha. Walikuwepo, si wengi. Kadzo na Daktari wakawaita mmoja mmoja, wengi wao watu wa Ukunda na Diani, wakapimwa upya. Huyu mzima. Huyu mzima. Huyu ana upungufu kidogo, dawa. Kila aliyetoka na afya yake, mabega ya Mutua yalishuka kidogo. Mwisho akabaki mmoja ambaye hakuna simu ya kumpigia: Mwanamisi, mjamzito, wa kijiji cha Jego. Aliyemfuata siku ile, ambaye hesabu zake ndizo zilizoandikwa kwenye karatasi ya Mwanamisi, alikuwa mlinzi wa geti mwenye kifua kama mlango.

"Mama mwenye mimba kubwa amepewa damu ya mlinzi," Kadzo akasema. "Akaambiwa nenda kajifungulie nyumbani, huna neno."

Asubuhi tukachukua pikapu ya maabara, mimi, Kadzo na Mutua kwenye usukani. Mvua kubwa ilikuwa imezila barabara za kule kusini, na Mutua alikuwa akiendesha kama anayeogopa kuamsha mtoto. Tukafika Jego, tukauliza.

"Mwanamisi yupi?" akatuuliza mwanamke aliyekuwa akianika mihogo. "Mwanamisi wa Hamisi, Mwanamisi wa kwa Bi. Mwanatumu, au huyu hapa binti yangu?"

"Mwenye mimba," Kadzo akajibu.

"Wenye mimba ni wawili."

Mutua akaegemeza paji la uso kwenye usukani. Nilicheka, Mungu anisamehe. Tulimwona wa kwanza, akatuambia yeye hajapata kutolewa damu maishani mwake na hataki. Basi tukaenda kwa Bi. Mwanatumu.

Tulibisha hodi, tukakaribishwa, tukakaa. Mutua akatoa shikamoo yake vizuri sana, alikuwa ameifanyia mazoezi njiani. Nikaeleza. Bi. Mwanatumu, mama mkwe wa Mwanamisi, alinisikiliza mpaka mwisho na mkono shavuni.

"Yaani mwanangu, karatasi yenu ilisema ni mzima. Tukafurahi, tukamwambia mkunga. Leo mwaja na gari mwasema ni mgonjwa. Mie nishike lipi?"

"Una haki, mama. Karatasi ilidanganya."

"Na wewe leo nitajuaje hudanganyi?"

 Kadzo ndiye aliyemjibu, kwa Kidigo, kwa upole, kwamba hatumwombi aamini karatasi wala sisi, twamwomba amwangalie mkwewe macho. Mwanamisi akaitwa. Alitoka chumbani akijishikilia kwenye mlango. Bi. Mwanatumu akamvuta kope mwenyewe, akamgeuzia kwenye mwanga, kisha akavuta lake na kumwita mjukuu wake mkubwa aseme lipi jekundu.

"Lako, bibi. La huyu jeupe."

Mwanamisi akasema kwa sauti ndogo, "Kichwa chanizunguka kila siku. Nilinyamaza. Mlisema karatasi imesema niko mzima, nikaona ni uvivu wangu."

Bi. Mwanatumu alisimama. "Nipeni nguo zake," akasema nyumbani mwake, kwa yeyote aliyesikia. Alipanda pikapu pamoja nasi na Mwanamisi, akakaa mbele, na njia nzima hadi hospitali ya Msambweni alimwagiza Mutua akwepe mashimo ambayo Mutua alikuwa keshayaona.

Hospitalini walimpima. Damu yake ilikuwa chini sana. Daktari wa wodi alituambia kwa sauti ya kawaida kwamba angejifungulia nyumbani angekuwa hatarini mno, kisha akaendelea na kazi yake, kwa kuwa kwake ile ilikuwa siku kama siku nyingine. Wakamwongezea damu. Ndugu zake wakatoa, na Mutua naye akajitokeza akiwa amekunja mkono wa shati, akakataliwa kwa sababu kundi lake halilingani na la Mwanamisi.

Tukarudi Ukunda kurekebisha. Mtatamani kusikia dawa kubwa, lakini ilikuwa ndogo. Tuliweka trei mbili. Kadi ikimimina kwenye moja, draiva inasoma nyingine, na trei haiguswi na kadi mpaka draiva iseme, nimemaliza, chukua. Kama zote mbili zimeshikwa, mashine ingoje. Na kwa kuwa nilikuwa siamini tena kitu chochote, nilimwambia Mutua mwanzo wa kila majibu iwe namba ya mgonjwa, na mwisho wake namba ileile tena. Zikitofautiana, karatasi isitoke, kompyuta ilie. Mutua akasema ile ya pili haina haja, trei mbili zatosha. Nikamwambia haina haja leo. Akaiandika.

Kisha tukaijaribu kwa foleni. Kadzo alileta kila chupa aliyokuwa nayo, tukafungulia printa ikalia wakati wote, nikawaita wauza duka wa jirani waje wasimame mlangoni na kumharakisha Kadzo kama wagonjwa, nao wakafanya kazi hiyo kwa furaha kuliko ilivyohitajika. Mutua alikaa na herufi zake. K A M, K A M. Hakuinuka mpaka adhuhuri. Hapakuwa na K iliyokaa mahali pasipo pake. Tukarudisha waya kwa kazi ya kweli, na miaka yote ambayo mashine ile ilibaki pale, kompyuta ile haikupata kulia kwa namba kutofautiana. Nilikuwa nikipita kuiuliza.

Mkitaka kitu cha kwenda nacho, basi ni hiki: usiulize tu kila hatua iko sawa. Uliza ni nani mwingine anayeweza kuingia katikati ya hatua mbili.

Habari za Mwanamisi zilikuja kwa mtu wa Bodo aliyekuwa akishusha kaa kwenye hoteli: nendeni Msambweni, mnaitwa. Mutua aligeuka rangi. Akaenda kuwasha pikapu ya maabara. Kwenye lango la wodi Bi. Mwanatumu alikuwa amesimama na kanga mpya, na uso wake ukatuambia kabla hajafungua mdomo.

"Msichana," akasema. "Mama yake kala uji, kaomba na mwingine."

Akamwekea Mutua mtoto mikononi bila kumuuliza. Mutua akasimama kama aliyepewa glasi iliyojaa hadi ukingoni, hatikisiki, hapumui, mpaka Mwanamisi kitandani akacheka na kumwambia, "Shika tu, kaka. Havunjiki."

Tulipotoka nje Mutua aliniambia anataka kukaa kidogo kwenye majani ya uwanja wa hospitali. Nikaenda kununua maji. Niliporudi nilimkuta amelala chali juani, mdomo wazi, amelala fofofo kama hakupata kulala tangu siku ya Wafula. Watu walikuwa wakimpita na vikapu vyao vya chakula cha wagonjwa. Nikamfunika uso kwa gazeti, nikakaa kando yake na yale maji, nikamwacha alale.